Kabla hujalipia cheti cha maadili ya utafiti, pitia hapa (wenye wadodosaji wao pia)

Karani wa Fildi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa vijana wa uzamili kupeleka maandiko yao kwenye kamati ya maadili umefika, na inboksi yangu imejaa swali moja: "Msimamizi kasema niambatishe cheti cha maadili, nakipata wapi na ni bei gani?" Kumjibu mmoja mmoja nimechoka. Nitaanza na jibu la wenye haraka. Wenye muda wabaki, kuna jambo nataka tubishane.

Wenye haraka: kabla ya kufungua kozi yoyote, muulize katibu wa kamati yako wanapokea cheti cha kozi gani na kinadumu muda gani. Wapo watu wamelipia kozi nzima halafu wakaambiwa siyo hiyo. CITI, kozi ya mtandaoni ya Marekani, ndiyo inayotajwa sana. Kama chuo chako au mradi wako una mkataba nao unaingia bure, kama hauna unalipa kwa dola kutoka mfukoni. Za bure zipo. TRREE ilitengenezwa ikizilenga zaidi nchi za Afrika. Global Health Training Centre wana kozi ya GCP, ile ya kanuni za kuendesha majaribio ya tiba. Wakanada wana CORE. Zote unasomea kwenye simu, zote ukifaulu unapakua cheti chako.

Halafu msichanganye mambo matatu. Kuna mafunzo ya kuwalinda washiriki wa utafiti (ridhaa, usiri, watoto, wajawazito, wafungwa). Kuna GCP, ya wanaojaribu dawa, chanjo na vifaa tiba. Na kuna uadilifu wa mtafiti mwenyewe: kughushi data, kuiba maandishi ya mwenzio, nani aandikwe mwandishi wa makala na nani ashukuriwe tu, mgongano wa maslahi. Mwanafunzi anayehoji wauza samaki Feri kuhusu mikopo ya kausha damu (ile ya riba kubwa) hana haja ya GCP, hata kama rafiki yake wa udaktari anayo.

Wenye haraka mnaweza kuondoka. Ninaendelea kwenye posti inayofuata.

---

Karani wa Fildi

Haya, tuliobaki.

Wengi wanadhani sharti hili ni la zamani sana, limeshuka pamoja na kanuni za utafiti kwa binadamu, zile za Nuremberg za 1947 au Azimio la Helsinki la 1964. Hapana. Kanuni ndizo za zamani. Sharti la kwamba mtafiti akae asome kozi kabla ya kupewa fedha, kwa upande wa NIH, shirika kubwa la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti wa afya, lilianza tarehe 1 Oktoba 2000. Miradi mingi ya huku ya hospitali na vyuo vyetu na vyuo vya Marekani, kuanzia KCMC Moshi na Duke, Bugando na Weill Cornell, hadi Moi kule Eldoret na Indiana, imeishi kwa fedha hizo miaka mingi, ndiyo maana karatasi ya Wamarekani imekuwa karatasi yetu.

Kwa nini 2000? Mwaka uliotangulia, Septemba 1999, kijana wa miaka 18 aitwaye Jesse Gelsinger alifariki katika jaribio la tiba ya jeni, Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hakuwa mahututi. Alikuwa na tatizo la ini kushindwa kuondoa amonia mwilini, akilimudu kwa dawa na kuchagua chakula. Jaribio lenyewe halikuwa la kumponya, lilikuwa la kupima usalama, na yeye alijua hivyo. Alijitolea kwa ajili ya watoto wachanga wanaozaliwa na hali kali ya ugonjwa huo. Alidungwa tarehe 13, tarehe 17 akafariki. Wachunguzi walipoingia wakakuta kiwango chake cha amonia kilikuwa juu kuliko protokali, yaani mpango rasmi wa jaribio, ilivyoruhusu, washiriki waliomtangulia walishapata madhara ambayo hayakuripotiwa ipasavyo, na fomu ya ridhaa aliyosaini haikutaja nyani waliokufa kwenye majaribio ya awali. Juu ya yote, mkurugenzi wa taasisi iliyoendesha jaribio alikuwa na hisa katika kampuni iliyokuwa na maslahi na tiba hiyo.

Miezi michache kabla ya hapo, Mei 1999, serikali ilikuwa imesimamisha kwa siku kadhaa utafiti unaohusu watu katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Duke kwa udhaifu wa usimamizi. Vyuo vikaingiwa na hofu. Ndani ya 2000 NIH wakatoa sharti la mafunzo, na mwaka huo huo CITI ikazaliwa, ikianzia Chuo Kikuu cha Miami. Hofu ya vyuo kufungiwa na soko la kozi za mtandaoni vimekua pamoja kama ndugu wa ziwa moja.

Sasa shikeni hapa, ndiyo hoja yangu. Sharti la 2000 lilimtaka nani asome? "Wahusika wakuu" wa utafiti. Yaani mtafiti mkuu na wenzake ambao majina yao yako kwenye ombi la fedha. Wale ambao, kwa utafiti mwingi wa huku kwetu, hawamuoni kabisa mshiriki. Anayemuona ni mdodosaji. Kijana wa diploma au wa kidato cha sita, kavaa fulana ya mradi, ana kishikwambi mkononi na fomu za ridhaa kwenye begi, kasimama uani kwa mtu. Ridhaa yote inatokea pale. Cheti kiko Dar, au Durham kule Duke.

Nasema hivi: tumefundisha upande usiofika uani.

---

MwanaChuo_Moro

Asante kwa link za bure mkuu, umeniokoa laki kadhaa.

Ila tuwe wakweli. Ile kozi darasa letu zima lilifaulu usiku mmoja. Majibu yalikuwa kwenye grupu la WhatsApp. Unabonyeza "endelea" mpaka mwisho, ukifeli unarudia. Mimi nina cheti na sikumbuki hata kanuni moja.

---

Karani wa Fildi

Mkuu, NIH wenyewe wanajua. Kwenye mafunzo ya uadilifu wa utafiti, mwongozo wao wa 2009 ulisema wazi kwamba kozi ya mtandaoni peke yake haitoshi: wanataka angalau saa 8 za watu kukaa na kuzungumza, walimu wa chuo wenyewe washiriki, irudiwe katika kila hatua ya maisha ya mtafiti na isipite miaka minne bila kurudia. Waliandika hivyo kwa sababu ya darasa lako la usiku mmoja.

Cha ajabu, msimamo huo umewekwa kwenye mafunzo ya uadilifu, siyo kwenye yale ya kulinda washiriki. Kwamba usighushi data, tukae tuzungumze saa nane. Kwamba usimdhuru mtu, bonyeza "endelea".

Na kanuni za kukumbuka ni tatu tu, za Ripoti ya Belmont ya Marekani ya 1979: mheshimu mtu na uamuzi wake, mtakie mema na umpunguzie madhara, na ugawe mzigo na faida kwa haki. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ukichukua damu Mbagala ili dawa ikauzwe mahali ambapo Mbagala haiwezi kununua, hapo umeshavunja ya tatu, hata kama fomu zako zote zimesainiwa.

---

jembe_halimtupi

Mimi naona huu wote ni ulaji. Maadili hayafundishwi na kozi, maadili ni malezi. Mwizi atabaki mwizi na cheti chake mkononi. Mnawatesa wanafunzi bure.

Na maprofesa mbona hatuwaoni wakifanya hizo kozi?

---

Karani wa Fildi

Swali lako la pili lina utamu kuliko ulivyodhani. Nianze nalo.

Shirika jingine la Marekani, NSF, linalofadhili sayansi nje ya tiba, lilianza kudai mafunzo ya uadilifu Januari 2010. Kwa nani? Wanafunzi wa shahada ya kwanza, wa uzamili na uzamivu, na watafiti waliotoka tu kupata PhD. Maprofesa hawakutajwa. Imebidi sheria nyingine ipitishwe 2022, na kuanzia tarehe 31 Julai 2023 ndipo wahadhiri na wakuu wa miradi nao wakaingizwa. Miaka kumi na mitatu sheria iliendeshwa kama vile udanganyifu ni ugonjwa wa utotoni.

Wakati rekodi inasema vingine. Eric Poehlman wa Chuo Kikuu cha Vermont, profesa aliyebobea kwenye uzee na unene, alihukumiwa 2006 kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa kughushi data kwenye maombi ya fedha za serikali. Aliyemshtukia ni kijana fundi wa maabara yake mwenyewe. Diederik Stapel wa Tilburg, Uholanzi, alikuwa mkuu wa kitivo. 2011 alikiri kutunga data, na makala zake 58 zimefutwa. Waliomshtukia ni watafiti vijana. Bosi anatunga, mdogo anaona. Halafu anayepelekwa kozi ni mdogo.

Kuhusu mwizi kubaki mwizi, sibishi. Kozi haimponyi mwizi. Lakini madhara mengi niliyoyaona hayakufanywa na wezi. Yamefanywa na watu wema wasiojua kuwa wanakanyaga mstari. Soma kisa cha Wahavasupai, jamii ndogo ya asili inayoishi ndani ya bonde la Grand Canyon. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, kwa sababu kisukari kilikuwa kinawamaliza na walitaka kujua kwa nini. Damu ikabaki kwenye friji. Wengine wakaitumia kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), ndoa za ndugu wa karibu, na asili ya jamii ile kuhamia kutoka Asia, jambo linalopingana na imani yao wenyewe kuhusu walikotoka. Walikuja kujua 2003, mwenzao mmoja alipohudhuria utetezi wa tasnifu chuoni na kusikia damu ya watu wake ikizungumzwa. Akanyanyuka akauliza kama kibali kilichukuliwa. Mwaka 2010 chuo kikakubali kuwalipa watu 41 jumla ya dola 700,000 na kuwarudishia sampuli.

Yule mwanafunzi wa tasnifu alikuwa mwizi? Sidhani. Alikuta sampuli kwenye friji, kama mamia ya wanafunzi wetu wanavyozikuta.

---

binti_maabara

Hapo kwenye friji umenigusa kaka. Huku kwetu sampuli za mradi uliokwisha zamani zipo, fomu za ridhaa ziko boksi gani hakuna ajuaye. Mwanafunzi mpya akija anaambiwa "tumia hizo, zimekaa tu."

---

Karani wa Fildi

Dada, mwambie afanye kitu kimoja: atafute ile fomu ya zamani asome kama mtu aliulizwa kuhusu kuhifadhi na kutumia sampuli baadaye. Kwenye fomu nyingi kuna sehemu ya kuweka tiki "ndiyo" au "hapana". Kama haikuwepo, aende kwenye kamati aombe, asiamue na msimamizi wake kwenye korido. Na kama sampuli zinatoka nje ya nchi, kuna mkataba wake wa kuzisafirisha, hilo siyo suala la kufunga kwenye boksi la barafu na kuwahi ndege.

---

Mswahili wa Mvita

Assalaam aleikum nyote. Huku Kenya mambo yako hivi: kwa sheria ya sayansi ya 2013 huwezi kufanya utafiti bila leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na NACOSTI wataka kwanza kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Vyuo vingine vyadai vyeti vya mafunzo, vingine havidai. Mwanafunzi hulipa kamati, hulipa leseni, na akiwa hana bahati hulipa kozi. Sikatai mafunzo, lakini mzigo wa fedha usisahauliwe. Wenye miradi mikubwa hulipiwa, maskini wa shahada ajilipie.

Lingine, bwana Karani, Kilifi kule KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Wellcome wa Uingereza wamekaa miaka mingi na wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, na wamewafanyia kazi sana wale wahojaji wa mashinani, hata kuandika juu yao. Basi usiseme hakuna afanyaye.

---

Karani wa Fildi

Waaleikum salaam. Nakubali, Kilifi wamefanya, na walilazimika. Pwani yetu, yako na yangu, mtu anayezunguka vijijini akichukua damu ana jina lake tangu enzi ya mkoloni: mumiani. Bibi yangu angekukimbia na fulana yako ya mradi. Huwezi kumtuliza mtu wa namna hiyo kwa cheti cha PDF. Unamtuliza kwa mtu anayemfahamu, anayeweza kumjibu "hiyo damu mnapeleka wapi?" bila kubabaika.

Na kwa faida ya wengine: Tanzania bara, utafiti wa afya unapita kwenye kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pamoja na kamati ya chuo au taasisi yako. Zanzibar wana kamati yao. Karatasi ya bara usiende nayo Unguja ukidhani umemaliza. Mgeni kutoka nje anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia.

---

Pangu Pakavu

Mimi ni mdodosaji, nimefanya miradi ya malaria, ya lishe, ya VVU. Hoja ya mleta uzi ni ya kweli lakini ameizungukia.

Mafunzo tunapewa siku moja kabla ya kwenda fildi. Asubuhi ni dodoso na kishikwambi, namna ya kutuma data, namna ya kuchaji. Maadili yanakuja jioni watu wameshachoka, mtu anasoma slaidi za Kiingereza nusu saa. Unasaini fomu ya usiri, kesho gari.

Ukifika fildi, fomu ya ridhaa ni kurasa nyingi. Mama ana mtoto mgongoni, sufuria iko jikoni. Mwenyekiti wa kitongoji aliyekuleta kasimama pale pale anasema "hawa ni wageni wa serikali, wajibuni vizuri." Nani atakataa? Na mimi ninalipwa kwa dodoso lililokamilika. Anayekataa hanilipi. Nikisoma kurasa zote sitafikisha idadi ya siku na msimamizi ataniuliza kwa nini wenzangu wamefikisha.

Mnataka kozi gani itatibu hilo?

---

Karani wa Fildi

Mkuu, ungekuwa karibu ningekununulia chai na chapati. Kila mtafiti mkuu anayesoma uzi huu airudie hiyo posti mara mbili.

Malipo kwa kila dodoso ni uamuzi wa kimaadili, na hakuna kozi niliyoipitia inayouzungumzia. Mtafiti anakaa kwenye bajeti anaandika "wadodosaji: kiasi fulani kwa dodoso", anadhani hilo ni jambo la uhasibu. Hapo hapo ameshamlipa mtu ili asikubali kukataliwa. Mlipe kwa siku. Na mwenye kukataa ahesabiwe kama kazi iliyofanyika, kwa sababu ndivyo ilivyo: mtu ameelezwa, ameelewa, amesema hapana.

Nimeahidi kubishana, basi niongeze jambo kuhusu utafiti wa Tuskegee, Marekani, ambao kila kozi inauanzia lakini inausimulia kwa juu juu. Mnaijua: Alabama, 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 600, 399 wakiwa na kaswende, hawakutibiwa hata baada ya penisilini kupatikana kwa wingi. Waliambiwa wana "damu mbaya". Kozi itakuonyesha madaktari wa serikali waliopanga. Haikai sana kwa Eunice Rivers.

Huyu alikuwa muuguzi mweusi wa pale pale. Miaka yote arobaini madaktari walikuja na kuondoka, yeye alibaki. Ndiye aliyewafuata wanaume wale majumbani, akawapakia kwenye gari lake, akawajua wake zao na mazao yao. Walipata usafiri, chakula siku ya vipimo, na msaada wa mazishi kwa familia iliyokubali maiti ipasuliwe. Walimwamini yeye, siyo Washington. Bila yeye utafiti ule usingedumu. Watu wanabishana mpaka leo kama alikuwa mkosaji au naye alitumiwa, na mimi sina hukumu. Ninachosema ni kwamba kiungo chote cha imani kilikuwa kwa mtu wa fildi.

Na aliyeufichua utafiti ule? Peter Buxtun. Hakuwa profesa. Aliajiriwa na huduma ya afya ya umma San Francisco katikati ya miaka ya 1960 kama mhojaji wa wagonjwa wa magonjwa ya zinaa, kazi ya kuuliza watu maswali na kuandika majibu. Alisikia habari wakati wa mapumziko kazini, akaandika malalamiko rasmi 1966, akaitwa akafokewa, akaandika tena 1968. Mwisho akampa mwandishi wa habari, na Julai 1972 ikatoka magazetini. Sheria ya utafiti ya 1974 na ile Belmont ya 1979 zimetokana na kelele hiyo.

Muuguzi wa mashinani na mhojaji. Hao wawili leo wasingekuwa kwenye orodha ya "wahusika wakuu".

---

MwanaChuo_Moro

Daah. Hii ya Buxtun kuwa mdodosaji sikuijua. Kwenye kozi ilikuwa sentensi moja tu.

---

jembe_halimtupi

Sawa kiongozi, hapo nimekuelewa. Ila bado: mwanafunzi wa sosholojia anayeuliza watu kuhusu vikoba, hiyo damu anachukua wapi? Kwa nini naye ateswe?

---

Karani wa Fildi

Kwa sababu maneno nayo yanaumiza. Mama amekwambia ana akiba kwenye kikoba ambayo mumewe haijui. Umerekodi kwenye simu yako, simu haina hata namba ya siri, kesho umeipoteza kwenye daladala. Au umeandika ripoti: "mweka hazina wa kikundi kimoja cha wanawake kilichopo nyuma ya zahanati ya kijiji fulani." Hujataja jina, lakini kijiji kizima kimeshamjua.

Isitoshe, kuanzia 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Jina, namba ya simu, hali ya afya ya mtu, siyo mali ya kuitupia kwenye grupu la WhatsApp la timu. Wadodosaji wengi wanapiga picha fomu zilizosainiwa na kuzituma kwenye grupu kama ushahidi kuwa wamefanya kazi. Acheni, leo hii.

---

Toronto_baridi

Mimi niko Kanada, nasomea afya ya jamii. Hapa chuoni kwetu CORE ni lazima kwa kila mwanafunzi anayetafiti watu, awe wa sayansi ya jamii au wa tiba, na ni bure kabisa. Kilichonifurahisha ni kwamba sera yao ya utafiti wa watu ina sura nzima, ya 9, kuhusu utafiti kwenye jamii za asili: kwamba jamii yenyewe ihusishwe, siyo mtu mmoja mmoja tu. Nilipoisoma nikawaza Wahadzabe na Wamaasai, namna wanavyofanyiwa utafiti kila mwaka na wageni.

---

Karani wa Fildi

Umesema jambo. Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, walichoka wakaandika kanuni zao wenyewe Machi 2017, zinazomtaka mtafiti awe na heshima, ukweli, haki na kujali, na afuate utaratibu wao. Mtafiti anapewa masharti na watafitiwa. Huku kwetu Bonde la Eyasi, kwa Wahadzabe, magari ya watafiti na ya watalii yanapishana, na mara nyingi hakuna anayerudi kusema alichokipata.

Kurudisha matokeo nalo lifundishwe. Siyo makala ya Kiingereza. Mkutano wa kijiji, dakika ishirini, Kiswahili au lugha ya pale: tulikuja, tuliuliza hiki, tumeona hiki.

---

binti_maabara

Kaka, maneno mazuri, sasa tupe kitu cha kufanya. Mwezi ujao tuna wadodosaji wapya na bosi kanipa asubuhi moja ya maadili. Cheti wanacho, wamefanya ile ya mtandaoni. Niwafundishe nini?

---

Karani wa Fildi

Kwanza, umepata asubuhi badala ya jioni. Umeshinda nusu.

Slaidi acha ofisini. Panga viti viwili viwili, mmoja mama wa nyumbani, mwingine mdodosaji, mimi huwa najipa nafasi ya mwenyekiti wa kitongoji anayeingilia. Mdodosaji ajifunze kuniondoa kwa adabu: "Mzee, tunashukuru kwa kutufikisha, sasa tunaomba tuzungumze na mama peke yake." Wengi wanashindwa hapa, maana wamelelewa kutomfukuza mkubwa. Warudie mpaka mdomo uzoee. Fanya hivyo hivyo kwa mume anayejibu kwa niaba ya mkewe.

Halafu wafundishe kuuliza kinyume. Ukimaliza kueleza usiseme "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo. Sema: "Mama, mimi huenda sikueleza vizuri. Hebu niambie wewe, tutafanya nini na damu ya mtoto?" Na swali la pili, hili usiliache: "Ukikataa, pale zahanati mtoto wako atatibiwa au hatatibiwa?" Akisita, ridhaa hiyo haijakamilika, rudi mwanzo. Kama ni jaribio la dawa, ongeza: "Nani anaamua mtoto apate dawa ipi?" Akijibu "daktari, atachagua inayomfaa", hajaelewa kuwa ni bahati nasibu. Hilo ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote, na siyo kwa wasiosoma tu.

Asiyejua kusoma: dole gumba peke yake halitoshi kwenye majaribio ya tiba. GCP inataka shahidi asiye mtu wa mradi, akae tangu mwanzo wa maelezo, siyo kuitwa mwishoni kusaini. Shahidi awe mtu mama anayemtaka. Mwenyekiti siyo shahidi huru.

Nauli na fidia ya muda: wajue kiasi, wakitaje mwishoni baada ya maelezo, wakitoe hata kwa aliyeacha katikati.

Na mwisho wape namba ya simu. Siyo ya bosi wako, ya kamati ya maadili. Ile iliyoandikwa chini ya fomu kwa ajili ya washiriki, mdodosaji naye ana haki ya kuipiga. Waambie mbele ya bosi, bosi akiwa amekaa pale, kwamba atakayepiga hatafukuzwa. Bosi akikataa kukaa, umeshapata taarifa kuhusu mradi wenu.

---

Pangu Pakavu

Hilo la namba ya kamati sijawahi kuambiwa popote, miaka yote hii.

---

Mswahili wa Mvita

Naazima hii kwa wahojaji wetu, kwa ruhusa yako bwana.

---

Karani wa Fildi

Chukua, haina hakimiliki. Badilisha kwa lahaja yenu.

---

MwanaChuo_Moro

Mkuu swali la mwisho. Cheti changu cha GCP nilifanya zamani kidogo, kamati itakikubali?

---

Karani wa Fildi

Kwa miradi ya NIH, GCP inarudiwa angalau kila baada ya miaka mitatu, na kamati nyingi zimeuiga muda huo. Tena mwongozo wenyewe wa GCP umetoka upya Januari 2025, toleo la R3, kwa hiyo cheti cha toleo la nyuma, R2, hata kama hakijaisha angalia kama mfadhili anataka jipya. Ukirudia, hifadhi PDF kwenye barua pepe, siyo kwenye flashi, na uandike mahali ile namba ya kuhakiki. Makatibu wa kamati siku hizi wanahakiki, vyeti vya kutengeneza stationery wamevizoea.

Na safari hii fanya peke yako, bila grupu.